Mume wa Euphrasia

Kule Kongwa, kabla ya Amerika, Zefania alikuwa katekista. Kasisi alifika mara moja kwa mwezi na pikipiki yake na haraka zake. Siku nyingine zote Zefania ndiye aliyekuwa kanisa. Alifundisha watoto wa ubatizo, alizika wafu, alipatanisha waume na wake, na Jumapili aliposimama mbele na kanzu yake nyeupe, hata mbwa waliolala mlangoni waliinua masikio. Euphrasia alikuja upande ule kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Alikuwa Mhaya wa Muleba, Mroma kwa malezi, na ili wafunge ndoa ilibidi ajifunze Kitabu cha Sala cha Waanglikana. Zefania ndiye aliyemfundisha, jioni baada ya jioni, yeye akiuliza na binti akijibu macho chini. Miaka ikapita, mtoto akazaliwa, wakavuka bahari, lakini kichwani mwa Zefania ndoa yao ilibaki vile vile: yeye kwenye kiti cha mwalimu, Euphrasia kwenye benchi.

Washington walifika yeye akiwa dereva wa ofisa mmoja wa ubalozi. Ofisa aliporudishwa nyumbani, wao wakabaki. Walipanga upande wa magharibi wa Alexandria, mji wa Virginia ulio jirani. Zefania akapata kazi ya kuegesha magari ya wageni wa hoteli, Euphrasia akawa mhudumu katika nyumba ya wazee. Binti yao, Dorothea, alikuwa chuoni College Park na alionekana nyumbani pale tu nguo zake chafu zilipomzidi. Jumapili walisali Mtakatifu Perpetua, kanisa dogo la Kiepiskopali, ndio Waanglikana wa huko, ambalo watu wake hawakujaza hata nusu ya mabenchi. Kasisi alikuwa mwanamke, Kasisi Lorraine, mrefu, mwenye mvi, msemaji wa taratibu. Zefania alichukua muda kuzoea kupokea mkate kutoka mkono wa mwanamke, lakini alizoea. Kilichomshinda kuzoea ni kukaa benchi la nyuma.

Alingoja aitwe. Alikwisha kumweleza kasisi habari za Kongwa, na kasisi alimsikiliza vizuri, akampa somo la kusoma Jumapili moja. Zefania alilisoma kwa Kiingereza chake cha udereva, kwa sauti ile ile ya Kongwa, huku watu wakifuatilia kwenye karatasi zao ili wasimpoteze. Baada ya ibada walikuja kumshika mkono mmoja mmoja na kumpongeza, kama mtu anavyompongeza mtoto aliyekubali kunywa dawa. Wangemzomea, angevumilia. Ule wema wao ndio alioshindwa kuumeza.

Mwaka 1986, majani yalipoanza kupukutika, Kasisi Lorraine alitangaza jambo jipya. Alisema sasa walei nao, wakipata kibali cha askofu, wanaweza kuwapelekea wagonjwa Meza ya Bwana majumbani, moja kwa moja kutoka madhabahuni. Akauliza nani yuko tayari kufundishwa. Zefania akakunja mikono. Kwake yeye kutembelea wagonjwa ilikuwa kazi ya akina mama. Yeye alikuwa mtu wa mimbari, na alikuwa akingoja mimbari itajwe. Akatazama dari. Alipoteremsha macho aliona mkono umeinuka pembeni mwake, na ulikuwa mkono wa mkewe.

Euphrasia alisoma majira yote ya baridi, na Kwaresima ilipofika akapata kibali. Jumapili ya kwanza ya kutumwa, watu walipokwisha kupokea, Kasisi Lorraine alimwita mbele, akamkabidhi kijisanduku chenye mkate na divai, na kanisa zima likatamka pamoja kwamba linamtuma. Euphrasia akapita katikati ya mabenchi na koti lake la kijivu, macho mbele. Zefania akageuka kumfuata kwa macho hadi mlango ulipofungwa. Kwenye kahawa ya baada ya ibada mzee mmoja wa Kizungu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimpita bila neno, alimjia akitabasamu.

"Kumbe wewe ndiye mume wa Euphrasia," alisema.

Zefania akaitikia kwamba ndiye.

Mwanzoni Euphrasia alitembelea vikongwe, na Zefania aliweza kuishi na hilo. Kisha jina la Wendell likaanza kutajwa mezani. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa kabla wao hawajajiunga. Anaumwa nini? Zefania aliuliza. Euphrasia akaendelea kumenya ndizi zake na kumjibu kwamba ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Kwa vikongwe mkewe alikuwa akikaa kidogo na kurudi. Kwa Wendell alikawia. Alikuwa akipika ndizi na kumpelekea katika bakuli lililofunikwa. Akaanza kuimba jikoni zaburi kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo Zefania hakuijua, inayopanda pale alipozoea yeye kushuka, na wakati mwingine akiwa anapiga pasi alicheka peke yake. Jioni moja wakiwa kwenye sala ya nyumbani, Zefania akiongoza wimbo, Euphrasia alimgusa mkono kwa upole.

"Baba Dorothea, hapo hatushuki," alisema. "Wendell anasema hapo tunabaki juu."

Zefania aliumaliza wimbo. Lakini usiku ule alilala akiutazama ukuta.

Basi Cheruiyot naye akaongeza chumvi. Cheruiyot alikuwa Mkenya, dereva wa teksi aliyezoea kusimama hotelini kungoja abiria, na alimhesabu Zefania kuwa rafiki. Siku moja alimwambia kwamba amemwona shemeji yake, Euphrasia, kwenye barabara ya Duke Street, ameshikana mkono na Mzungu, wakitembea pole pole kama watu wasiotaka kufika.

"Mimi sijasema kitu, ndugu yangu," alisema. "Lakini bibi akianza kuimba wimbo ambao si wewe ulimfunza, huulizi ni nani alimfunza?"

Na hapa kweli isemwe. Maneno yale yalimchoma Zefania, lakini pia yalimpa nafuu. Mume anayemwonea mwanamume mwenzake wivu anaeleweka. Wanaume watamsogezea kiti na wanawake watanong'ona kwa huruma. Lakini mume anayemwonea wivu mke wake mwenyewe, kwa sababu Mungu amepita mlangoni pake na kugonga kwa mkewe, huyo atamlilia nani? Kwa hiyo Zefania aliuchukua wivu ule wa pili, uliokuwa uchi, akauvika nguo za ule wa kwanza. Akajiambia kwamba analinda nyumba yake. Alimpigia simu Dorothea kumlalamikia, na Dorothea akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hamwonei wivu mwanamume yeyote, anamwonea Mama. Zefania akasema simu inakwaruza, akakata.

Siku moja katikati ya wiki, Euphrasia akiwa kazini, alikwenda kumwona Kasisi Lorraine. Alimwambia kwamba mke wake amechoka. Alisema Euphrasia analia usiku kwa uchovu na hathubutu kumweleza kasisi mwenyewe, hasa habari ya huyu Wendell, na kwamba yeye kama mume anaomba apumzishwe. Hakuna hata neno moja lililokuwa la kweli, na yote yalitoka vizuri, kama mahubiri.

Kasisi Lorraine alisema kwamba hana mtu mwingine. Amewaomba wote, huyu mgongo unamuuma, yule ana wajukuu, na wote ni watu waliompenda Wendell alipokuwa akiwapigia kinanda. Akamtazama Zefania.

"Wewe unaweza kwenda?" aliuliza. "Huna kibali cha kupeleka Meza ya Bwana, hiyo nitapeleka mimi wiki ijayo. Nenda ukae naye tu, usali naye, asijione ameachwa."

Ni wazi alidhani Zefania anajua ugonjwa wa Wendell. Zefania alikubali kabla aibu haijamfikia. Furaha mbili zilikuwa zimempanda kwa pamoja: kwamba hatimaye ametumwa, na kwamba atamwona mtu yule uso kwa uso.

Jumapili iliyofuata Euphrasia alikuwa zamu. Zefania alitoka kanisani na suti yake ya harusi za watu na Biblia kwapani, akapanda basi. Njia nzima alipanga maneno. Angekuwa na adabu, lakini mtu yule angejua kwamba Euphrasia ana mwenyewe.

Mlango ulichukua muda kufunguliwa. Aliyefungua alikuwa mwanamume mrefu aliyeegemea fimbo, na shati lake lilimning'inia kama lililoachwa kwenye kamba ya nguo. Shingoni na shavuni alikuwa na madoa meusi yenye rangi ya zambarau. Zefania alikwisha kuona madoa kama yale kwenye televisheni, katika habari za UKIMWI. Maneno yote aliyoyapanga yalimtoka, na jambo la kwanza alilowaza lilikuwa kwamba, akingoja, alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Euphrasia yuko wapi?" Wendell aliuliza, akichungulia nyuma yake.

"Yuko kazini. Mimi ni mume wake."

Uso wa Wendell ukafunguka. "Mwalimu," alisema. "Karibu. Kila nikimsifu kwa analolijua, ananiambia ulimfundisha wewe."

Zefania aliingia na kukaa ukingoni mwa kiti. Nyumba ilinukia dawa, na chini ya dawa, ndizi za mkewe. Wendell alikwenda jikoni kwa shida, akakataa kusaidiwa, akarudi na glasi ya maji, mkono ukitetemeka hadi maji yakamwagika kidogo kwenye zulia. Zefania alishukuru. Akaiweka glasi mezani. Wakazungumza habari za hali ya hewa, na glasi ikakaa pale pale, na wote wawili walijua ipo.

"Euphrasia huyanywa," Wendell alisema mwishowe. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza desturi ya nyumba.

Zefania aliifungua Biblia yake, akaifunga.

"Nilidhani na wewe umeshazoea," Wendell aliendelea. "Kwa sababu ya Anatoli. Euphrasia aliniambia jinsi alivyokonda, hata maji yakawa hayapiti. Kinachomuuma zaidi ni kwamba hakuwapo kumwosha. Anasema akiniosha mimi miguu, anamwosha yeye."

Anatoli alikuwa kaka yake Euphrasia. Alikufa Muleba miaka miwili nyuma, na habari zilikuja kwa simu kupitia mtu wa ubalozi. Euphrasia alimwambia mumewe kwamba ni kifua. Zefania aliongoza sala, wakaimba, na kesho yake wote wawili wakaenda kazini.

Alikuwa amekuja kumtafuta mwizi wa mke. Sasa aliona kwamba alichoibiwa ni kikubwa kuliko alichokuwa akikilinda, na kwamba mwizi hakuvunja mlango, alikaribishwa. Mgeni huyu asiyejua Muleba iko wapi alijua jinsi shemeji yake alivyokufa. Wivu uliompata hapo haukuwa na nguo yoyote ya kuvishwa. Alijaribu kusali, akaomba maneno machache kwa Kiingereza yasiyofika mwisho, akaaga. Kwenye basi alikaa akiwa ameifumbata mikono yake kama si mali yake.

Euphrasia alikuwa amekwisha kurudi. Alikuwa mezani na sare zake za kazi, hajavua hata viatu, na Zefania akajua kwa kumwona tu. Kasisi Lorraine alikuwa amempigia simu kumtakia mapumziko mema.

"Nasikia ninalia usiku," alisema.

Zefania alikaa mbele yake. Angeweza kuomba radhi hapo, na baadaye alijilaumu kwa kutofanya hivyo. Lakini kilichotoka kinywani kwake ni kile kilichokuwa kikimchoma.

"Kwa nini hukuniambia Anatoli alikufa kwa nini? Mtu baki anajua, mimi sijui."

Euphrasia aliinama kuvua viatu. "Unakumbuka ile ibada ya Watanzania nyumbani kwa akina Elkanah?" aliuliza. "Ulisimama ukahubiri juu ya ugonjwa huu. Ulisema ni fimbo ya Mungu kwa wazinzi, na anayeuona aseme amina. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Nilikuwa nimejua habari za ugonjwa wa Anatoli tangu siku iliyotangulia, na nilikuwa nangoja watu waondoke nikuambie." Akamalizia kwa sauti ile ile. "Ningekuambiaje, Baba Dorothea? Ulikuwa umeshanijibu."

Zefania aliyakumbuka mahubiri yale. Alikumbuka kwamba yalikuwa mazuri, na kwamba njiani wakirudi alimuuliza mkewe ameyaonaje.

Kesho yake alikwenda kwa Kasisi Lorraine akamweleza kwamba alidanganya, na kwa nini. Labda alitazamia kusamehewa kwa machozi kidogo na mkono begani. Kasisi hakumpa hata kimoja. Alimwambia kwamba amemsingizia mkewe na kumnyima mgonjwa mtu aliyekuwa akimngoja, na kwamba kwa sasa hatamtuma popote. Kisha akamwombea, kwa sababu ndiyo kazi yake, na kumfungulia mlango.

Euphrasia alirudi kwa Wendell. Nyumbani alizungumza na mumewe mambo ya nyumba tu, chumvi imekwisha, simu ya Dorothea, na Zefania hakudai zaidi. Kila Jumapili aliketi benchi la nyuma na kumtazama akitumwa, na kila Jumapili wivu ulimrudia vile vile. Cheruiyot alipomuuliza mambo yameishia wapi, alimjibu kwamba mke wake anamuuguza mgonjwa, na kwamba yeye Zefania alikuwa mjinga. Cheruiyot akabadilisha mazungumzo.

Mwezi wa nane, joto la Virginia likiwa limekaa juu ya mji kama blanketi lililoloa, Euphrasia alimkuta Zefania akijiandaa kwenda kazini.

"Wendell hawezi tena kukaa mwenyewe," alisema. "Na mimi peke yangu simwezi, ni mrefu. Nahitaji mtu wa kumwinua. Sihitaji mhubiri."

Zefania alikwenda. Mara ya kwanza mikono yake ilisita, na Euphrasia aliona lakini hakusema. Alimwonyesha jinsi ya kupitisha mkono chini ya mabega, jinsi ya kuvuta shuka bila kuichubua ngozi. Mara ya tatu au ya nne hakusita tena. Alijua mgongo ule ulivyo, mfupa kwa mfupa. Wendell alimwita mwalimu hadi mwisho, na hakuna siku aliyomkumbusha ziara yake ya kwanza.

Alikuwa ameomba Euphrasia aimbe zaburi kwenye maziko yake, na alitaka kuhakikisha anaiimba sawasawa. Kwa hiyo Zefania alipanda kitandani nyuma yake, akamketisha akiwa amemwegemeza kifuani pake ili pumzi ipate nafasi, na Wendell akamfundisha Euphrasia hivyo hivyo, mstari kwa mstari, akipandisha na kushusha kidole hewani. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Ilikuwa upepo tu wenye umbo la wimbo. Euphrasia aliupokea na kuurudisha ukiwa mzima. Macho yao yalikutana juu ya kila mstari, na walipofika mahali pagumu na kupavuka, wote wawili walitabasamu, tabasamu la watu wanaofanya kazi moja. Zefania aliona yote hayo juu ya bega la mgonjwa. Mkewe hakuwahi kumtazama vile, hata zile jioni za Kongwa, kwa sababu zile jioni alitakiwa kutazama chini. Wivu ulimpanda, huku kila pumzi ya mtu anayemwonea wivu ikimgonga kifuani. Mkono ukamfa ganzi. Hakuusogeza, hadi walipomaliza.

Wendell alikufa mwezi wa tisa. Kampuni ya kwanza ya mazishi waliyoiendea iliukataa mwili, na ya pili pia, hadi Kasisi Lorraine akapata iliyokubali upande wa Maryland. Kwa jamaa zake alikuja dada mmoja tu. Watu wa kanisa walikuja wengi kuliko waliowahi kumtembelea, wakakaa wametazama vitabu vyao. Euphrasia aliimba peke yake bila kinanda. Zefania hakuwa na kazi yoyote kwenye ibada ile. Alikuwa amekaa katikati ya kanisa, kati ya watu.

Walipotoka hawakutaka kahawa. Walitembea hadi kituo cha basi, wakakaa kwenye benchi, Euphrasia akiwa amevua viatu vyake vya visigino na kuvishika mkononi. Zefania alikuwa na mengi ya kusema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona ni mengi mno. Akauliza moja.

"Anatoli alikuwa mtu wa namna gani?"

Basi lao lilikuja, likafungua mlango. Euphrasia hakuinuka. Dereva aliwangoja kidogo, kisha akafunga na kuondoka.

"Alikuwa mwoga wa mvua," alisema. "Mtu mzima, ana ndevu, lakini ikipiga radi anaingia chini ya kitanda cha mama. Tulikuwa tunamcheka."

Akaendelea, taratibu, kama mtu anayetafuta njia ambayo alikwisha kuipita na mtu mwingine. Sehemu nyingine Zefania alitambua kwamba zimekwisha kusimuliwa, zimelainika kwa kusimuliwa, na alijua ni wapi na kwa nani. Hilo lilimuuma. Aliliacha limuume, akageuka vizuri kwenye benchi ili amwone usoni, na mkewe alipofika mwisho akamuuliza nani aliyemwosha Anatoli siku aliyokufa, na Euphrasia akamwambia.